MBU NA HOMA YA LIKIZO



Sisi tunaokaa Kaloleni, Bahati, Makadara na Jericho twawajua mbu. Wengi wa hapa huzaliwa katika mitaro michafu, na wakituuma kwa kawaida huleta mwasho tu. Tupaoshe kwa maji na sabuni, tuweke kitambaa cha maji baridi, wala tusikune. Tukikuna, pageuka kidonda.

Hatari kubwa iko safarini. Nairobi ni mahali pa juu, yapata mita 1,700, tena pana baridi, kwa hivyo malaria haienei sana hapa. Lakini tukienda likizo Kisumu, Busia au Kwale, twakutana na mbu wa malaria, naye huuma usiku. Watoto wetu waliozaliwa mjini hawana kinga ya kupigana nayo. Walale ndani ya chandarua.

Homa huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa, pengine tumekwisha rudi kazini. Tusiseme ni uchovu wa safari. Twende hospitali siku hiyo hiyo, tumwambie daktari tulikotoka, tupimwe damu. Tukipewa dawa ya siku 3, tuimalize yote, hata homa ikipoa.

Mshahara wa siku moja ukipotea, utapatikana mwingine. Mtoto akipotea, harudi.