Kompyuta Ikianza Kugonga

Wenye steshenari mnaijua sauti hii: kompyuta ya mezani inawashwa, ndani inagonga ta-ta-ta, kisha inaganda.

Kwanza hakikisha si feni. Vumbi la kiangazi na la mashine za kukoboa mpunga hujaa kwenye feni ikavuma. Chomoa umeme, fungua kava, isafishe. Ikiwa kompyuta inatetemeka, kaza skrubu zinazoshika diski ngumu.

Kugonga kwa mpigo ni habari nyingine. Ndani ya diski kuna visahani vinavyozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na vichwa vya kusomea huelea juu yake bila kugusa. Kichwa kikishindwa kupata njia yake hurudi nyuma na kujaribu upya, ndipo unaposikia mlio ule. Usizime na kuwasha kwa kubahatisha. Kama bado inafunguka, nakili haraka yasiyo na mbadala: madeni ya wateja, picha za harusi, orodha ya wanaushirika. Ikigoma, zima kabisa, mpelekee fundi. Akitaka kuifungua diski yenyewe pale kwenye meza yake, mkatalie, hata kama ni shemeji yako. Punje ya vumbi yatosha kukwaruza kisahani.