Sauti Inayouma

(Maandishi ya kipindi. Hakuna muziki wa kufungua. Mtangazaji anaanza kwa sauti ya chini.)

Jambo kwa kina mama mlio kwenye foleni ya maji, jambo kwa wazee wetu mlioketi kivulini, jambo kwa vijana mnaosikiliza kwa simu. Najua mmeshangaa. Saa 11 jioni mmezoea kusikia ngoma yetu, kisha honi, kisha mimi. Leo ngoma na honi nimeviacha kwa makusudi. Nivumilieni kidogo, halafu atakayetaka kunigombeza anajua studio ilipo.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja ambaye nyumba yake iko karibu na ule mti tuliofunga spika. Akakaa, akakataa maji, akasema: "Mwanangu, usinikasirikie. Redio yenu inanitesea mtoto."

Nilitaka kucheka. Hapa Nakivale watu hutulalamikia kwamba sauti haifiki, sijawahi kuambiwa kwamba inafika mno. Lakini nilipomtazama machoni nikanyamaza.

Mtoto wake ni wa kiume, ana miaka 9. Kila jioni spika ikiwashwa, kabla hata sijasema jambo, anaziba masikio na kupiga kichwa ukutani. Siku nyingine anatoka mbio kuelekea barabarani, kule kunakopita boda na malori. Majirani wameshasema yao. Mmoja alisema ni pepo. Mwingine alisema ni kukosa fimbo. Wa tatu alimletea kamba. Mama akaniambia, akiangalia chini, kwamba siku moja aliitumia. Alikuwa na uji motoni na mtoto mdogo mgongoni, na barabara ile pale. Simhukumu. Ningekuwa mimi sijui ningefanya nini.

Hakuna aliyefikiria spika. Sote tunaipenda, nani angeishtaki? Mama aligundua mwenyewe ile wiki betri yetu ya sola ilipoharibika tukakaa siku nne bila kutangaza. Siku zile nne mtoto alikula, akapanga vifuniko vyake vya soda kwa mstari, akalala usiku mzima. Siku ya tano betri ikapona. Mtoto akakimbilia barabarani.

Kwenye kituo cha afya alikuwa ameshaambiwa kwamba mtoto ana usonji. Neno hilo alipewa, maelezo hakupewa. Basi tuliseme hapa kwa lugha yetu. Usonji ni namna ambavyo ubongo wa mtu umekua tofauti tangu akiwa mdogo kabisa. Hauambukizi. Hautokani na chanjo, wala laana, wala dhambi ya mama. Mtu mwenye usonji huweza kuchelewa kusema, au akasema sana juu ya jambo moja tu, au asikutazame usoni unapozungumza naye. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila 127 duniani alikuwa nao. Hesabu watu wa zoni yako, utaona kwamba hatuzungumzii mtu wa mbali.

Sasa, jambo ambalo wengi wetu hatulijui ni hili la milango ya fahamu. Masikio, macho, pua, ulimi, ngozi. Kwa wengi wetu, ubongo unachuja. Wewe unayenisikiliza sasa, pembeni yako jerikani tupu zinagongana, mtoto analia, mtu anapasua kuni, na bado unanisikia mimi. Kwa watu wengi wenye usonji mchujo huo haufanyi kazi hivyo. Vyote vinaingia pamoja, na vyote kwa nguvu. Kuna profesa mmoja wa Marekani, Temple Grandin, ambaye mwenyewe ana usonji. Ameandika kwamba alipokuwa mtoto kengele ya shule ilimuuma kama mashine ya daktari wa meno inapogusa mshipa. Tafadhali lisikieni hilo neno: ilimuuma. Hasemi kwamba ilimkera.

Huyo profesa kazi yake ni mifugo, nadhani wenzetu wafugaji watampenda. Alipokuwa kijana aliona ng'ombe wakiingizwa kwenye kibano ili wachanjwe, akaona baadhi yao wanatulia wakishabanwa mbavuni. Akajitengenezea kibano chake cha mbao, akawa anaingia humo mwili ukimchachamalia, na yeye mwenyewe ndiye aliyeamua abanwe kiasi gani na atoke lini. Nikakumbuka bibi zetu wanavyombeba mtoto mgongoni kwa kitenge, kikikazwa vizuri, na mtoto ananyamaza. Lakini kitenge si kamba. Wapo wenye usonji ambao kuguswa kidogo tu begani ni kama kuchomwa. Huyo usimkumbatie kwa nguvu ukidhani unamsaidia.

Baada ya yule mama kuondoka nilizunguka na daftari siku tatu, nikaorodhesha vitu ambavyo hapa kwetu vinaweza kumzidi mtu wa namna hiyo. Filimbi ya msimamizi wa bomba. Mvua kwenye mabati. Jua la saa saba likirudi machoni kutoka kwenye bati jipya. Moshi wa kuni mbichi. Dagaa wakikaangwa nyumba ya pili. Lebo ya shati la mtumba inayokwaruza shingoni. Mashine ya kinyozi. Darasa lenye watoto zaidi ya mia wanaoitikia kwa pamoja. Na unga: tulipoletewa unga wa njano badala ya mweupe, wengi tulinung'unika kisha tukala. Mtoto mwenye usonji huenda asile kabisa, kwa sababu kwake kile si chakula kilekile. Msimwite mwenye maringo.

Na mambo haya hujazana. Asubuhi moshi, mchana filimbi, saa tisa shati, saa 11 spika. Halafu wewe unamwita jina lake tu, anaanguka chini anapiga kelele. Watu wanaona hilo la mwisho peke yake, wanasema amepandwa na wazimu kwa kuitwa jina.

Mtu aliniuliza, nitajuaje kama ni deko? Swali zuri. Mtoto anayedeka hukuchungulia. Analia huku anaangalia kama unamwona, na ukimpa pipi yamekwisha. Aliyezidiwa hamtazami mtu, na pipi haimalizi kitu. Kuna pia watoto na watu wazima ambao sauti kubwa huwarudisha kwenye risasi walizozikimbia. Hao nao wanateseka, lakini yao ni mengine. Ukiona mtu alikuwa sawa kisha akabadilika baada ya vita, usiseme ni usonji. Mpeleke azungumze na washauri.

Wengine hali yao ni kinyume: hawahisi vya kutosha. Mtoto anashika sufuria la moto na halii. Anachomwa na mwiba, anatembea nao. Ukiwa na mtoto wa hivyo, mkague mwili kila jioni, na jiko liwekewe kizuizi. Usimsubiri alie.

Turudi kwa yule mama, maana lililomtoa machozi pale studioni halikuwa spika. Ilikuwa siku ya kuhakiki majina. Mnazijua siku zile: umati, vipaza sauti viwili vinaita majina kwa mara moja, jua, halafu mwisho mtoto asogezewe kifaa karibu na jicho. Mtoto alivumilia saa nne. Alipofika mezani akaanguka, akamng'ata aliyemshika. Wakaambiwa watoke, warudi akitulia. Bila mtoto kuonekana, jina lake halithibitishwi, na mnajua jina lisipothibitishwa nini hufuata. Njiani mtu akamwambia mama yule kwamba mtoto kama huyo angemwacha huko huko Kongo.

Kesho yake jirani mmoja alikwenda naye alfajiri, kabla vipaza sauti havijawashwa. Jirani ndiye aliyezungumza mlangoni, kwa utulivu, akaeleza kwamba mtoto huyu kelele zinamuuma. Wakapitishwa mstari wa wenye mahitaji maalum, pamoja na wazee na wajawazito. Mtoto alifunikwa masikio kwa leso ya mama. Nyumbani walikuwa wameshafanya mazoezi: mama alimsogezea kikombe jichoni mara nyingi, huku wakihesabu mpaka tano. Dakika kumi, wakawa wametoka. Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto kama huyo, usisubiri siku yenyewe. Mwone mhudumu wa afya wa kijiji chako au kiongozi wa zoni mapema, akusaidie mwandikishwe kwenye orodha hiyo. Na wewe uliye kwenye foleni ukiona mtoto anapitishwa mbele yako, haonekani mgonjwa, mguu anao, mkono anao, usipige kelele. Kelele ndiyo inayomuumiza.

Mengine ni madogo na hayana gharama. Kata lebo ya nguo kwa wembe. Nenda bombani saa ambayo watu wamepungua. Mwambie mtoto kabla: tutanyoa, mashine italia, tutamaliza. Akizidiwa, punguza maneno. Mtoe penye watu, kaa karibu naye, subiri. Umati ukimzunguka kumtazama, nyinyi jirani ndio muutawanye, mama mikono yake imeshajaa. Na msisahau watu wazima. Yule bwana asiyekuja mikutanoni, tunayemwita mwenye kiburi, labda kipaza sauti cha mkutano ndicho kinachomfukuza.

Sisi hapa tumefanya nini? Tumeigeuza spika itazame barabara, mgongo wake uwe kwa nyumba ile. Honi tumeiacha moja kwa moja. Ngoma itarudi, msinipige, lakini fundi atawasha sauti ikiwa chini kabisa kisha aipandishe taratibu. Ilikuwa ule mkwaruzo wa kuwasha ghafla uliomuuma zaidi, mama ndivyo anavyoona.

Mtoto bado hakipendi kipindi chetu. Ikifika saa 11 anaingia ndani mwenyewe, anajifunika lile blanketi la kijivu tulilopewa sote, anabaki humo na vifuniko vyake. Ila hakimbilii tena barabarani.

Wenye spika nyingine, makanisa, msikiti, vinyozi, mnaouza nyimbo sokoni, naomba mpite mtazame spika zenu zimeelekea nyumba ya nani. Mwenye mtoto, ndugu au yeye mwenyewe ana hali hii na anataka kusema nasi, studio iko wazi kila asubuhi. Tutazungumza nje chini ya mti, humo ndani feni inapiga kelele.

Fundi, sasa tunazima. Polepole.

(Sauti inashushwa taratibu. Hakuna muziki wa kufunga.)