Samani za Mama na Daftari la Wanachama

(Hotuba ya Halmashauri iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kabla hatujaingia katika hesabu za mwaka, sisi wa halmashauri tunaomba ruhusa ya kusema juu ya jambo lililotukalisha vikao vitatu bila ya kuafikiana. Vijana wetu wametuletea ombi la kukopeshwa fedha kutoka katika mfuko wa maziko, ili waanzishe gazeti lao. Wako kati yetu waliosema kwamba fedha ikilala haizai. Na wako waliojibu kwamba maiti haingoji faida. Hatukutaka kuwajibu vijana kwa hasira, wala kwa methali tupu. Tulitafuta habari za mtu aliyeanza kazi kama hiyo mikono mitupu, tukazitazama mwanzo wake na mwisho wake. Mtu huyo ni Bwana John H. Johnson wa Chicago, katika Marekani.

Bwana Johnson alizaliwa mwaka wa 1918 katika mji mdogo wa Arkansas City, karibu na mto Mississippi. Baba yake alikufa kwa ajali katika kiwanda cha kupasua mbao, naye angali mtoto. Mji ule haukuwa na shule ya sekondari kwa watoto weusi. Mama yake, Bibi Gertrude, aliyekuwa akiwapikia na kuwafulia watu wengine, aliazimia kumpeleka Chicago akasome. Lakini nauli haikutimia kwa wakati. Basi alimrudisha mwanawe katika darasa la nane, alilokwisha kulimaliza, akalirudia lote, ili asizurure wakati mama akidunduliza akiba. Mwaka wa 1933 wakapanda treni.

Huko Chicago hawakukuta asali. Kwa muda waliishi kwa msaada wa serikali. Hata hivyo kijana alimaliza shule mwaka wa 1936, akapata kazi kwa Bwana Harry Pace, mkuu wa kampuni ya bima ya Supreme Liberty Life. Tunaomba wazee waitazame vyema kampuni hiyo. Ilikuwa mali ya watu weusi, na wateja wake wengi walikuwa watu wa mishahara midogo, waliotoa senti chache chache ili siku ya kufa wazikwe kwa heshima na wasiwaachie watoto deni. Habari hiyo si ngeni kwetu sisi tuliokusanyika hapa.

Kazi moja ya kijana ilikuwa kusoma magazeti na kumfupishia Bwana Pace habari zote za watu weusi. Alipowasimulia rafiki zake yale aliyoyasoma, aliona jinsi walivyozitamani, kwa kuwa magazeti makubwa ya nchi ile hayakumtaja mtu mweusi ila mara chache, na mara nyingi kwa ubaya. Akafikiri: kama watu wanauliza habari bure, je, hawatazinunua?

Akakusudia kuwaandikia barua wateja 20,000 wa kampuni, akiwaomba kila mmoja alipe dola 2 kabla ya gazeti kutoka. Stempu za barua hizo zilitaka dola 500, naye hakuwa nazo. Benki moja ilimjibu kwamba haikopeshi watu weusi. Alipompata mkopeshaji mwingine, huyo alitaka rehani. Kitu cha thamani nyumbani mwao kilikuwa samani mpya za mama yake, alizozinunua kwa miaka ya kujinyima. Bibi Gertrude hakukubali upesi. Alisali siku kadhaa, na mwanawe akasali pamoja naye. Ndipo akatoa ruhusa.

Bwana Pace, kwa upande wake, alimruhusu kutumia orodha ya majina ya wateja. Watu 3,000 walijibu. Hizo ni dola 6,000, na kwa fedha hizo gazeti la kwanza, Negro Digest, lilitoka Novemba 1942.

Msambazaji wa magazeti alikataa kulichukua, akisema magazeti ya watu weusi hayauziki. Bwana Johnson akawatuma wafanyakazi wenzake wakaliulize katika vibanda vya mitaa ya kusini ya Chicago, kisha akawapa fedha za kununua nakala zilipofika. Hila hiyo hatuwafundishi vijana wetu. Twaisema kwa kuwa hadithi iliyofichwa nusu haifai kwa fundisho. Lakini waliofuata kununua walikuwa wasomaji wa kweli.

Mwezi wa Novemba 1945 alitoa Ebony, gazeti kubwa la picha, lililomwonyesha mtu mweusi akiwa daktari, mwalimu, bwana harusi na mwenye nyumba. Nakala ziliisha, lakini gharama za picha zilikuwa nzito na makampuni makubwa hayakutaka kutangaza humo. Wakati wa dhiki hiyo alianzisha biashara ya kuuza bidhaa kwa posta, pamoja na mafuta ya nywele, akazitangaza katika magazeti yake mwenyewe. Halafu akamwendea mkuu wa kampuni ya redio ya Zenith, aliyewahi kusafiri katika nchi za barafu. Alimpelekea kitabu cha Matthew Henson, mtu mweusi aliyekuwa katika safari ya Ncha ya Kaskazini mwaka wa 1909, kikiwa na sahihi ya Henson mwenyewe. Mlango ukafunguka, na matangazo yakaanza kuja.

Mwaka wa 1951 alitoa gazeti dogo la Jet. Mwaka wa 1955 kijana Emmett Till wa Chicago, mwenye umri wa miaka 14, aliuawa kikatili huko Mississippi. Mama yake aliamuru jeneza lisifunikwe, ulimwengu uone alivyotendwa mwanawe. Na Jet likazipiga chapa picha hizo. Twaona kwamba siku ile gazeti lilitimiza wajibu wa jirani mwema msibani.

Kazi zake nyingine twazitaja kwa haraka. Mwaka wa 1958 yalianza maonyesho ya mavazi yaliyozunguka miji, chini ya uongozi wa mkewe, Bibi Eunice, na mapato yakasaidia vyama vya hisani. Mwaka wa 1973 alianzisha vipodozi vya Fashion Fair, kwa sababu poda za madukani hazikulingana na rangi za wanawake weusi. Mwaka huo huo alinunua kituo cha redio. Kampuni ile ile ya bima iliyomwajiri akiwa kijana, ndiye aliyekuja kuwa mwenyekiti wake. Si kila alichogusa kilistawi. Magazeti mengine aliyafunga. Na mama yake alimtoa katika majiko ya watu, akawa akimlipa mshahara yeye mwenyewe.

Alifariki mwaka wa 2005. Baadaye wasomaji na matangazo yalipungua. Ebony na Jet ziliuzwa mwaka wa 2016, na mwaka wa 2019 kampuni ikaingia katika ufilisi. Hazina ya picha zake ilinunuliwa na mashirika ya hisani kwa dola milioni 30, ili isipotee. Nyumba ile ilisimama miaka 77, nayo ikaanguka.

Wazee wetu na wanachama, haya ndiyo tuliyoyaona. Kwanza, samani zilikuwa za mama, naye aliziweka rehani kwa ridhaa yake. Kama zingepotea, machozi yangekuwa yake. Pili, kampuni ya bima ilimpa kijana majina. Haikumpa fedha zilizowekwa kwa ajili ya wafu. Tatu, hata biashara ya mtu hodari huweza kufa, bali maziko hulipwa siku ile ile yanapotokea. Mjane hawezi kuambiwa angoje magazeti yauzwe.

Kwa hiyo halmashauri yapendekeza kwamba mfuko wa maziko usiguswe. Lakini pia yapendekeza kwamba vijana wasirudishwe mikono mitupu. Katibu awaandikie wanachama wote walio katika daftari letu, kwa gharama ya chama, akiwaalika kulipia gazeti hilo mapema, kila mtu kwa hiari yake. Na mzee atakaye kumkopesha mwanawe, amkopeshe kilicho chake.

Daftari hili limejengwa na watu walioleta ada zao mwezi kwa mwezi, mvua na jua. Tulidhani kwamba ni kitabu cha madeni na risiti tu. Sasa twatambua kwamba kila jina lililomo ni mtu anayeaminika kutimiza neno lake, na huo ni mtaji ambao vijana wetu hawakujua kuuomba.

Kura ni yenu.