Stadi Moja Ikikatika: Trekta Ndogo Katika Msimu wa Baridi

Haya ni maneno yaliyosomwa mbele ya wenye trekta na madereva wao katika baraza la wakulima, msimu wa baridi ulipoanza. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.



Kati ya Juni na Agosti, asubuhi za Kinangop na za Ol Kalou hufanana. Ukungu umelalia mashamba, na siku nyingine kuna jalidi, ile barafu nyeupe inayochoma majani ya viazi. Dereva anafika kwenye trekta mikono ikiwa imekufa ganzi. Mwenye shamba amekwisha piga simu mara tatu. Dereva anawasha injini, anaingoja ipate joto kidogo, anaondoka. Hakuzunguka trekta kuitazama. Gurudumu la nyuma limejaa tope mpaka katikati ya rimu, na chini ya tope hilo stadi moja haipo.

Stadi inayozungumzwa hapa si fundi stadi, ingawa huyo naye atahitajika baadaye. Ni ile fimbo fupi ya chuma yenye meno inayotokeza kwenye habu, ikapita katika tundu la rimu, ikafungwa kwa nati. Trekta ndogo nyingi huwa na tano, sita au nane kwa kila gurudumu.

Dereva akiambiwa kwamba moja imekatika, jibu huwa tayari: "Si bado nne zimebaki?" Hesabu yenyewe inasema kwamba moja kati ya tano ni asilimia 20 ya nguvu ya kushikilia gurudumu, nayo imeondoka. Lakini mzigo wa stadi iliyopotea haugawanywi sawasawa. Sehemu kubwa huwaangukia majirani wake wawili, wa kushoto na wa kulia. Ndiyo maana stadi ya pili ikikatika, mara nyingi ni ile iliyo kando ya pengo.

Na kwa nini ya kwanza ilikatika? Wapo wanaosema ni baridi iliyokata chuma. Baridi ya Nyandarua haifikii hapo. Nati ikikazwa vizuri, stadi huvutika kidogo sana na kuubana mdomo wa rimu juu ya habu, na mbano huo ndio unaobeba kazi. Nati ikilegea, rimu huanza kucheza. Kila gurudumu linapozunguka, stadi inapindwa kidogo huku na kidogo kule. Mtoto anayetaka kukata waya bila koleo hufanya vivyo hivyo: anaupinda, anaukunjua, mpaka ukatike. Kukaza kupita kiasi nako kunaharibu, hasa pale bomba refu linapochomekwa kwenye wilispana na vijana wawili wakaning'inia juu yake.

Kosa moja linastahili kutajwa peke yake, kwa sababu huja na kilimo cha viazi. Magurudumu ya trekta nyingi ndogo hutolewa na kugeuzwa ili upana ulingane na mistari ya shamba. Kazi hiyo hufanywa jioni, kwa haraka, kesho yake watu wanaingia shambani, na hakuna anayerudi kukaza nati tena. Rangi na kutu vilivyobanwa kati ya rimu na habu husagika kazini, na nati iliyokuwa ngumu jana leo imelegea. Msimu wa baridi hauvunji stadi, ila unaficha dalili: tope limefunika, mwanga ni hafifu, na hakuna anayetaka kuvua glavu.

Dalili zenyewe si ngumu kuzijua tope likifutwa. Kutu nyekundu inachirizika kutoka chini ya nati kama machozi. Chuma kinang'aa kando ya tundu pale rimu iliposugua. Tundu lililokuwa mviringo limekuwa kama yai. Trekta ikikata kona husikika mlio wa ko, ko, ko kutoka gurudumuni. Dereva mwenye kopo la rangi anaweza kuchora mstari mmoja unaopita juu ya nati mpaka kwenye rimu. Mstari ukikatika, nati imezunguka, wala hahitaji kipimo kingine.

Swali ambalo kila mtu analingoja ni kama trekta hiyo inaweza kufanya kazi mpaka fundi apatikane. Kulima, hapana. Kuvuta trela la viazi au la maziwa barabarani, hapana kabisa. Kurudishwa kutoka shambani hadi nyumbani, ndiyo, iwapo stadi zilizobaki ni nzima na zimekazwa, bila mzigo, kwa gia ya chini, kwenye njia tambarare. Ikiwa zimekosekana mbili, ibaki pale ilipo na fundi aifuate. Kwenye mteremko wa Aberdare gurudumu la nyuma likichomoka hakuna muda wa kuruka. Trekta inalalia upande ule uliokosa gurudumu, na dereva yuko juu yake. Fremu ya kumkinga iwe imesimama, na mkanda uwe umefungwa.

Sasa fundi. Hadi leo kuna wanaochomelea boliti ya kawaida kwenye habu ili siku isipotee. Chuma cha stadi hupewa ugumu wake kiwandani kwa moto uliopimwa, na moto wa kuchomelea huuharibu ugumu huo. Boliti kutoka duka la hadiwea inaweza kuingia tunduni na bado isiwe yenyewe, kwa unene wa meno au kwa daraja la chuma. Anayekwenda dukani abebe ile iliyovunjika pamoja na nati yake, na aulize namba ya kipuri iliyo katika kitabu cha trekta. Stadi mbili za jirani zibadilishwe pamoja nayo. Tundu la rimu likiwa limekuwa yai, rimu nayo imekwisha.

Nati zilegezwe kidogo gurudumu likiwa bado chini. Magurudumu mengine yawekewe vizuizi, na jeki iwekwe juu ya ubao mpana na mnene, kwa maana udongo uliolowa huimeza jeki taratibu bila mtu kuona. Trekta ikishainuka, ikalishwe juu ya stendi ya chuma, si juu ya mawe. Tairi lililojazwa maji lisishikwe na mtu mmoja: lita 100 za maji ni kilo 100, kabla hujahesabu tairi na rimu.

Wakati wa kukaza, fundi avuke kutoka nati moja hadi ile inayoielekea ng'ambo, kwa zamu, mpaka zifike kipimo cha kitabu.

Neno moja kwa wenye trekta. Dereva wa kulipwa kwa ekari akisimamisha mashine, yeye ndiye anayepoteza pesa za siku, kwa hiyo atanyamaza. Mwenye trekta anayetaka kuambiwa ukweli kuhusu stadi amlipe dereva siku hiyo aliyosimama. Bei ya stadi moja, hata tatu, haikaribii bei ya habu, sembuse ya mguu wa mtu.

Na trekta ikisharudi kazini, saa ya kwanza ikiisha, dereva azime injini, ashuke na wilispana, akaze nati zote upya. Jioni afanye hivyo tena, na kesho yake asubuhi kabla ya kuwasha, hata kama kuna jalidi.