Nani Atapigiwa Simu? Programu Huria katika Ofisi za Mbinga na Nyasa



Nimeombwa nieleze namna ya kuzishawishi ofisi zetu zitumie programu huria. Ofisi za wilaya hizi mbili zinaitumia mojawapo kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na sidhani kama kuna aliyewahi kushawishiwa.

Chukueni zahanati yoyote ya mwambao, kuanzia Lituhi hadi Chiwindi kule mpakani na Msumbiji. Muuguzi anaandika kwenye vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za taarifa za afya: wagonjwa wa nje kitabu namba 5, wajawazito namba 6, waliojifungua namba 12. Mwezi ukiisha anajumlisha, anajaza fomu, takwimu zinakwenda wilayani na kuingizwa kwenye mfumo uitwao DHIS2. Mfumo huo ni programu huria. Unatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, lakini mizizi yake iko Afrika Kusini ya miaka ya 1990, wakati serikali mpya ilipohitaji kuunganisha takwimu za afya zilizokuwa zimetenganishwa kwa rangi za watu. Yeyote anaruhusiwa kuutumia, kuufungua aone ulivyoundwa, kuubadili na kumpa mwingine. Hakuna leseni inayolipiwa kwa kila kompyuta. Kwetu Tanzania ulikuwa umefika mikoa yote kufikia mwisho wa 2013, wakati Wilaya ya Nyasa yenyewe ilikuwa imemegwa kutoka Mbinga muda si mrefu. Mfumo huu na wilaya hiyo ni marika.

Sasa muulizeni muuguzi wetu kwa nini anauamini. Hatawaambia habari za leseni. Atawatajia mtu: mratibu wa takwimu wa wilaya, anayempigia simu jumla zinapogoma kulingana. Naye mratibu ana mtu wake mkoani, na nyuma yao wote wamo vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioufanyia mfumo marekebisho ili ufanane na fomu zetu, wakawafundisha watu wilaya baada ya wilaya.

Linganisheni na jambo lililotangulia. Mwaka 2004 chuo hichohicho, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu yenye menyu za Kiswahili tupu. Ilikuwa kazi ya kujivunia. Haikuuzwa, ilikuwa katika lugha yetu, ilifanya karibu yote ambayo karani anayahitaji. Wangapi humu mmeiona kwenye meza ya ofisi? Ilitolewa kama zawadi, na zawadi haina namba ya simu. Tangu hapo sikubali mtu anieleze kwamba tatizo letu ni lugha, au bei, au uzalendo.

Kuhusu bei, hapa ndipo sisi wapenzi wa programu huria tunapojidanganya zaidi. Tunaingia kwa mkurugenzi tukiwa na hoja ya kuokoa fedha, tunashangaa hashtuki. Hashtuki kwa sababu, kwa hesabu zake, halipi chochote. Fundi wa mjini alikuja na flashi, akapiga Windows, akaweka na Office juu yake, akalipwa ujira wake akaondoka. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, lakini sijaona ofisi iliyobadilika kwa kutishiwa sheria hiyo. Kinachouma ni kingine. Flashi ile inakuja na virusi, kompyuta haipokei masahihisho ya usalama, na siku barua zote za masjala zinapogeuka majina yasiyosomeka, fundi yuko Songea, simu haipatikani. Huyo mkurugenzi analipa, ila malipo hayaonekani kwenye vocha.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 malipo hayo yamepanda. Siku hiyo Microsoft ilisitisha masahihisho ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani haziwezi kubeba Windows 11 kwa masharti yake. Mashine zilizoletwa kwetu zikiwa tayari zimetumika kwingine ndizo za kwanza kuachwa. Linux, mfumo endeshi huria, huendesha mashine hizo bila kulalamika. Kingine kilichobadilika, na watu wa TEHAMA wanakijua kuliko mimi, ni kwamba mifumo mikubwa ya serikali siku hizi hufunguliwa kwenye kivinjari: MUSE ya malipo, DHIS2 yenyewe. Kivinjari hakiulizi chini yake kuna nini.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Waraka unatoka wizarani ukiwa na majedwali, ukifunguliwa kwa LibreOffice, programu huria ya kazi za ofisi, mistari inahama. Ni kweli, hutokea. Jiji la München, Ujerumani, lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux, kazi iliyoamuliwa 2003 na kukamilika 2013, na mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Wapo wanaosema siasa, wapo wanaosema watumishi walichoka kubishana na nyaraka za nje. Mimi naona yote mawili, na naona pia kwamba jimbo la Schleswig-Holstein, nchini humohumo, lilitangaza mwaka 2024 kuhamisha kompyuta 30,000. Wajerumani wenyewe hawajamaliza mjadala, hivyo msimwone karani wa Mbinga mshamba akisita.

Kusita huko hakuondolewi kwa hotuba. Watu wa Litembo na Maguu wanalima ngoro, kilimo chetu cha mashimo, kwenye miteremko mikali kwa vizazi vingi, na hakuna aliyejifunza kuchimba shimo la ngoro ukumbini. Mtu hujifunza shambani kwa jirani, akiwa na jembe mkononi, na mvua ikibomoa tuta jirani yupo.

Kwa hiyo nikiulizwa tuanzie wapi, nitasema tuanzie masjala na kwenye vyumba vya kompyuta vya sekondari, mahali ambapo kosa linarekebishika. Mhasibu asiguswe kwanza. Vyama vya msingi vya kahawa vifuate baada ya msimu; ukimbadilishia katibu kompyuta yake wakati wakulima wanasubiri malipo, hatakusamehe, na atakuwa na haki. Kwa miezi ya mwanzo kila mashine ibaki na programu za zamani na mpya kwa pamoja, na anayetaka kurudi aachwe arudi.

Kabla ya yote hayo apatikane mtu. Awe mmoja kwa wilaya zote mbili, mwenye pikipiki na vocha ya simu, ambaye kazi yake ni kupokea simu za makarani na kufika Liuli kesho yake ikibidi. Wahitimu wetu wa vyuo wanaozijua kazi hizi wapo, wengine wamekaa humu ukumbini bila ajira. Fedha zake zisitafutwe kwa mfadhili, kwa sababu mradi una mwisho na simu za makarani hazina. Halmashauri za wilaya hizi zinakusanya ushuru wa kahawa. Ziketi pamoja, zigawane mshahara wake, ziuingize kwenye PlanRep, mfumo wao wa mipango na bajeti, kama kasma ya kawaida kabla bajeti ijayo haijafungwa.