Daktari wa Meno Naye ni Mwanafunzi

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya kazi yangu. Mimi si daktari. Kazi yangu Serikalini ni kushughulikia mafunzo ya watumishi wa afya walio kazini. Katika mafaili yanayopita mezani kwangu, maombi mengi ya waganga wa meno ni ya kujifunza kuziba, kung'oa na kutengeneza meno ya bandia. Hizo ni kazi za maana. Lakini leo nataka kusema juu ya somo lisiloombwa sana, yaani kuzuia saratani ya koo inayoletwa na virusi.

Sote tumekua tukijua kwamba saratani ya kinywa huletwa na sigara, ugoro, tambuu yenye popoo, na pombe. Hilo ni kweli hata leo. Lakini mwaka 2007 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitoa kauli kwamba virusi vya papiloma, hasa aina ya 16, navyo huleta saratani ya koo. Ni virusi vya jamii ile ile iletayo saratani ya mlango wa kizazi, ugunduzi uliompatia Harald zur Hausen wa Ujerumani Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Saratani hiyo hujificha kwenye mafindofindo na kwenye shina la ulimi. Huko Marekani, kiasi cha saratani 7 katika kila 10 za sehemu hiyo ya koo huhusishwa na virusi hivyo, na wanaume ndio waugua zaidi.

Sasa pigeni hesabu. Daktari aliyehitimu mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 25 ataendelea kutibu watu mpaka atimize miaka 60, yaani mwaka 2040. Kauli hiyo ilitolewa baada ya yeye kufunga madaftari. Asipofundishwa akiwa kazini, atafundishwa lini?

Huenda mtu akauliza, kwa nini daktari wa meno? Jibu ni jepesi. Mtu mzima asiyejisikia mgonjwa haendi hospitali, lakini jino likimuuma usiku kucha, asubuhi atakwenda, atakaa kitini na kufumbua kinywa. Hakuna mtumishi mwingine wa afya apewaye nafasi hiyo mara nyingi hivyo. Akitazama jino bovu peke yake, nafasi imepotea.

Somo lenyewe lina sehemu tatu. Ya kwanza ni mikono na macho: kupapasa tezi za shingo, kutazama midomo, mashavu na ufizi, kuushika ulimi kwa kitambaa cha shashi na kuutazama pande zote mbili na chini yake, kisha kutazama koo. Kidonda kisichopona kwa wiki 2 au 3, uvimbe wa shingoni usiouma, koo linalouma upande mmoja tu kwa muda mrefu: mtu huyo apelekwe mbele bila kungoja. Kazi hii yataka taa, kioo kidogo, glavu na dakika chache.

Sehemu ya pili ni kujua mwisho wa macho. Saratani ya virusi huanzia ndani ya mikunjo ya mafindofindo, na mpaka leo hakuna kipimo kilichokubaliwa cha kuitafuta kwa watu wasio na dalili. Kwa hiyo ngao kubwa ni chanjo. Rwanda ilianza kuwachanja wasichana mwaka 2011. Tanzania ilianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaingia katika mpango wa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Chanjo ililetwa kwa ajili ya mlango wa kizazi, lakini Juni 2020 Marekani iliidhinisha chanjo hiyo kwa kuzuia saratani za koo pia. Jimbo la Oregon lilikwisha kupitisha sheria mwaka 2019 kuwaruhusu madaktari wa meno kuchanja.

Sehemu ya tatu, nayo ndiyo ngumu, ni ulimi wa daktari mwenyewe. Virusi hivi hupitishwa kwa kujamiiana, pamoja na kwa kinywa. Mniwie radhi wazee, lakini haya yasiposemwa kwa adabu na mganga, yatasemwa ovyo vijiweni. Daktari afundishwe kumweleza mzazi bila kumwaibisha mtu: kwamba virusi hivi vimeenea mno, kwamba wengi huvipata vikaisha vyenyewe, na kwamba chanjo hufaa zaidi ikitolewa mapema, kabla mtoto hajakutana navyo.

Vijana, mpango wa Taifa unawachanja dada zenu. Msidhani hayawahusu. Dada akikingwa, hata mume wake wa kesho hupata nafuu. Wahimizeni wadogo zenu wa kike wasikose chanjo, nanyi msianze tumbaku.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia kwa ombi. Miongoni mwetu wamo waliosomea meno. Naomba Chama kitenge fedha kidogo, kila mwaka, siku moja kabla ya mkutano huu, tuwaalike waganga wa meno wa wilaya hii wafundishane hapa darasani: asubuhi maelezo, mchana kupimana wenyewe kwa wenyewe. Madarasa yapo, walimu wapo. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa roho za watu.