Pumzi ya Samaki na Amri ya Saba



Karibu kila chenye uhai huhitaji chakula na hewa. Jani la muhogo hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa. Sisi hula majani na mizizi yake, lakini chakula hicho hutupa nguvu tukiwa na hewa tu. Naye samaki, katika Lualaba karibu na Kasongo au katika Luama upande wa Kabambare, huvuta kwa mashavu yake hewa iliyomo majini.

Je, utupa ukipondwa na kutiwa mtoni, samaki hupatwa na nini? Hewa ingalimo majini, lakini sumu huuzuia mwili wake usiitumie. Huelea akafa, wadogo kwa wakubwa.

Basi, atendaye hivyo ameiba chakula cha kesho cha watoto wake na cha jirani zake. Amri ya saba haikatazi wizi wa mbuzi peke yake. Tuvue kwa ndoana, kwa migono na kwa nyavu zenye matundu mapana, ili wadogo wakue, wazae. Mungu aliyetupa sisi pumzi ndiye aliyewapa na wao.

Kaeni na amani ya Kristo.